Kamari kwa watoto Dodoma: tunamchapa mwanafunzi, tunamwacha mtu mzima aliyemfungulia mlango

Mwalimu wa Malezi (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu.

Naomba tulijadili kwa utulivu jambo ambalo kwenye vikao vya wazazi huzungumzwa kwa minong'ono tu, nalo ni watoto wa chini ya miaka 18 kucheza kamari, iwe kwenye zile mashine za sarafu wanazoziita dubwi, iwe kwa kubeti mpira, iwe kwenye michezo ya simu kama ile ya kindege. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma mjini, na mbali na vipindi vyangu nimepewa jukumu la malezi na unasihi. Kwa hiyo mambo haya hunifikia mezani yakiwa yamekwishaharibika: mwanafunzi ameletwa kwa utoro, au kwa kusinzia darasani, au kwa kuchukua hela ya mchango wa wenzake, na ni baada ya mazungumzo marefu ndipo kamari inapotajwa. Hoja yangu ni moja. Mtoto hawezi kucheza kamari peke yake. Mashine si yake, leseni si yake, na kitambulisho cha kusajilia laini bado hajapewa. Kila anapocheza kuna mtu mzima aliyempa njia, na huyo ndiye tunayemsahau kila tunapochukua fimbo.

Nianze na dubwi, kwa kuwa ndilo lililo karibu zaidi na mtoto. Ukipita mitaa mingi ya pembezoni mwa jiji letu utalikuta nyuma ya kreti za soda dukani, au ndani ya kibanda cha kuchezea gemu, limeegemezwa ukutani, taa zake zikizunguka juu ya picha za matunda na wanyama mpaka zisimame kwenye picha moja. Linakula sarafu ya shilingi 200. Sarafu hiyo ndiyo nauli ya mwanafunzi kwenye daladala, na sidhani kama ipo fedha nyingine ambayo kila mtoto wa shule ya kutwa ana uhakika wa kuwa nayo mfukoni saa nane mchana. Shati la shule linavuliwa na kukunjwa ndani ya begi, kijana anabaki na fulana, na mwenye duka anakuwa na kikopo cha sarafu tayari kwa ajili ya atakayekuja na noti. Baada ya siku kadhaa anapita mwenye mashine na ufunguo wake, anafungua, wanahesabu, wanagawana, anaondoka. Mtoto aliyeacha nauli yake humo anarudi nyumbani kwa miguu, juani, na mzazi anaambiwa kwamba daladala zilikuwa zimejaa.

Wanafunzi wangu wana elimu yao kuhusu mashine hizi. Wanasema ikishakula sana inakuwa imeshiba na lazima iteme, kwa hiyo mwenye busara husubiri wenzake waliwe kwanza ndipo aingie. Ni imani iliyokosea, kwa sababu mashine haidaiwi na mtu na mzunguko unaofuata haujali uliopita, lakini ukiwasikiliza wanavyoieleza utaona kwamba ni watoto wenye akili wanaojaribu kutafuta mpangilio mahali ambapo haupo. Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alionyesha katika majaribio yake ya katikati ya karne iliyopita kwamba mnyama anayepewa tuzo kwa vipindi visivyotabirika hubonyeza kitufe kwa bidii kuliko anayepewa kwa mpangilio, na huchelewa zaidi kuacha hata tuzo zinapokoma kabisa. Mwaka 2009 Luke Clark na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge walipiga picha ubongo wa watu waliokuwa wakicheza na wakaona kwamba kukosa kwa kidogo, yaani picha kusimama hatua moja tu kabla ya ushindi, huamsha baadhi ya sehemu zilezile za ubongo zinazoamshwa na ushindi wenyewe, na kumfanya mchezaji atake kuendelea ingawa hajapata kitu. Taa inayosimama jirani na picha ya ushindi inamwambia mtoto kwamba amekaribia, ilhali ameliwa sawasawa na yule ambaye taa yake imesimama mbali.

Sasa tuangalie umri. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayohusika na kupima matokeo na kujizuia, huendelea kukomaa hadi mtu anapofika miaka ya ishirini na kitu, wakati mfumo wa kufurahia tuzo unakuwa umeshika kasi tangu balehe. Kwa sababu hiyo kijana wa miaka 14 aliye mbele ya kifaa kile hayuko katika nafasi ya baba yake mbele ya kifaa hichohicho. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, ambayo ndiyo iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, hairuhusu mtu wa chini ya miaka 18 kucheza, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtu wa umri huo kuwa ni mtoto. Kwa hiyo sheria hatuna upungufu nayo. Kinachokosekana ni mtu wa kusimama kwenye mlango wa lile duka.

Nije kwenye afya, maana hapa ndipo wengi wetu tunapoona utundu peke yake. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la Ainisho la Kimataifa la Magonjwa lililoanza kutumika rasmi Januari 2022, limeiweka kamari iliyomshinda mtu katika matatizo yatokanayo na tabia za uraibu, kwenye sura moja na matatizo ya pombe na dawa za kulevya. Madaktari wa afya ya akili wa Marekani walikuwa wamekwishafanya uamuzi wa namna hiyo mwaka 2013. Na tume ya jarida la Lancet Public Health iliyotoa ripoti Oktoba 2024 ilikadiria kwamba, duniani kote, asilimia 17.9 ya vijana balehe walikuwa wamecheza kamari ya namna fulani katika mwaka mmoja, na kwamba miongoni mwa vijana hao wanaocheza kasino na mashine za mtandaoni, asilimia 26.4 huenda tayari wana ugonjwa wa kamari. Kwa wanaobeti michezo makadirio yalikuwa asilimia 16.3. Naomba mtu yeyote anayesema kwamba ni mchezo tu wa watoto azisome tena takwimu hizo.

Darasani ugonjwa huu hauji na jina lake. Unakuja na njaa kwanza, kwa sababu hela ya kula ndiyo inayofuata baada ya nauli kuisha. Mtoto aliyetoka Nzuguni au Veyula alfajiri bila kunywa hata uji, akaiweka hela ya maandazi kwenye mashine saa nne, hawezi kufuatilia hesabu saa saba. Anakuwa mkali, anajibu vibaya, au analala juu ya dawati, na mwalimu wa kipindi anaandika kwamba ana dharau. Kisha unakuja na usingizi. Vijana wa umri huu wanahitaji saa nane hadi kumi za kulala, lakini mpira wa kompyuta, ule wa timu ambazo hazipo, huchezwa kila baada ya dakika chache usiku kucha, na raundi moja ya kindege huisha kwa sekunde chache tu, hivyo mwenye simu chini ya blanketi hana mahali pa asili pa kusimama kama alivyokuwa napo anayesubiri mechi ya Jumamosi. Baada ya hapo zinafuata hali za moyo: wasiwasi usiokuwa na sababu inayoonekana, kujitenga, kukata tamaa, uongo mdogomdogo unaolinda uongo mkubwa. Tafiti za nchi nyingi zimekuta kwamba vijana wanaocheza kamari wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuvuta sigara, kunywa pombe, kutumia bangi, kutoroka shule na kuwa na dalili za sonona.

Hapa nataka kuwa mwangalifu. Si kila mara kamari ndiyo iliyoanza. Kuna mtoto aliyekuwa na huzuni nyumbani, au mwenye tabia ya kurukia mambo bila kufikiri, akaikuta mashine ikimpa nusu saa ya kusahau. Na kuna mtoto aliyekuwa na furaha zake akaharibiwa na deni. Mambo haya husukumana kutoka pande zote mbili, na kwa mwalimu au mzazi maana yake ni kwamba kumwondoa mtoto dubwini bila kuuliza kilichompeleka huko ni kufanya nusu ya kazi. Uliza pia nani anabeti nyumbani, kwa sababu mzazi anayecheza ni miongoni mwa vichochezi vinavyojulikana vya mtoto kucheza, na nimewahi kuwasikiliza watoto waliojifunza kupanga mkeka, yaani orodha ya mechi zinazobashiriwa pamoja na ambazo zote lazima zitokee ndipo mtu alipwe, wakiwa wamekaa kwenye mkono wa kochi la baba, wakimsaidia kuchagua timu.

Kuhusu matangazo nitasema kwa kifupi. Mwaka 2017 kampuni moja ya ubashiri iliingia udhamini wa Simba, Yanga na Singida United, timu ya kwetu kabisa kanda ya kati, na tangu hapo jezi ya mpira na jina la kampuni ya kubeti vimezoeleka pamoja, hadi kwenye jezi anazonunuliwa mtoto wa darasa la tatu. Italia ilipiga marufuku matangazo ya kamari kwa sheria ya mwaka 2018, na klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zilikubaliana Aprili 2023 kuondoa wadhamini wa kamari mbele ya jezi ifikapo mwisho wa msimu wa 2025/26. Nadhani hata sisi tunaweza kuanza na jezi za watoto.

Karibuni tuchangie, hasa wazazi na wenye maduka.

Kijana wa Makulu

Mwalimu, nakuheshimu, lakini nadhani unaikuza hoja. Mimi nipo chuo, ninabeti, na wenzangu wengi wanabeti. Ajira hazipo. Mtu akiweka shilingi 1,000 akapata 300,000 amemkosea nani? Watoto wafundishwe kubeti kwa akili, siyo kutishwa.

Mwalimu wa Malezi

Ndugu yangu, umri wako unakuruhusu na sitakusemea. Nitajibu lile la kubeti kwa akili tu, kwa sababu wanafunzi wangu nao hulisema, na huwa ninalijibu ubaoni kwa hesabu za uwezekano.

Chukua mkeka wa mechi 10, na tuseme kwamba wewe ni mjuzi kweli wa mpira kiasi kwamba kila mechi unayoichagua ina nafasi 70 kati ya 100 za kutokea ulivyosema. Zidisha 0.7 kwa yenyewe mara kumi. Unapata 0.028, yaani mikeka isiyofika mitatu kati ya 100 ndiyo itakayotiki, na zaidi ya 97 itachanika, ingawa wewe ni mjuzi. Sasa ongeza faida ya kampuni. Katika mechi yenye pande mbili zinazolingana nguvu, kampuni ikikulipa mara 1.90 badala ya mara 2, imebakiza asilimia tano kwenye mechi hiyo moja. Ukiunganisha mechi 10 za namna hiyo kwenye mkeka mmoja, ile asilimia tano inajirudia kila hatua, na katika kila shilingi 1,000 unayoweka, inayorudi kwa wastani ni kama shilingi 600. Ndiyo sababu mikeka mirefu inapigiwa debe. Kijana anaona 300,000 iliyoandikwa chini ya mkeka. Wanafunzi wangu wakimaliza kuzidisha huwa wanakaa kimya kwa muda, na kipindi hicho ninakithamini kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kuyatoa. Ningependa walimu wenzangu wa hisabati wakijaribu.

Kuhusu ajira ninakubaliana nawe kwamba hali ni ngumu. Lakini mwanafunzi wa kidato cha pili hatafuti ajira, na anachokipoteza pale ni hela ya kula.

Muuza Duka Sabasaba

Nimesoma yote. Mimi nilikuwa na mashine dukani na niseme ukweli wa upande wetu. Mwenye mashine alikuja mwenyewe, akaniambia sitatoa hata shilingi, nitampa nafasi na umeme, na mgawo wangu nitaupata kila anapokuja kufungua. Kwa duka dogo, hela ile inalipa kodi ya chumba. Nikimkataa mtoto anakwenda duka la jirani. Nani ataanza kujinyima?

Mwalimu wa Malezi

Kaka, nakushukuru sana kwa kusema wazi, kwa sababu wengi wanaojua mambo haya hawayasemi. Hili la duka la jirani ni kweli, na ndiyo maana sitaki tuishie kulaumu mwenye duka mmoja mmoja. Mashine halali inatakiwa kuwa na leseni ya Bodi na kuwa mahali ambapo mtoto hachezi. Mwenye mashine aliyekuambia hutatoa hata shilingi alikuachia wewe hatari yote ya kisheria: akija afisa, anayekutwa na watoto dukani ni wewe, na yeye yuko mbali na ufunguo wake. Naamini wenye maduka wa mtaa mmoja wakikubaliana mbele ya mwenyekiti wa mtaa kwamba hakuna anayepokea mashine, hoja ya jirani inakufa siku hiyohiyo. Mtu mmoja hawezi kuianza peke yake, hapo ninakubaliana nawe kabisa.

Mama wa Nkuhungu

Mwalimu, mimi ni mama wa kijana wa miaka 15. Mwezi uliopita nilikuta hela niliyoiweka kwenye simu kwa ajili ya mahindi imepungua, nikadhani ni makato. Nilipokwenda kwa wakala kuuliza taarifa ya miamala nikaonyeshwa kwamba imetoka kidogokidogo usiku kwenda kwenye kampuni ya kubeti. Namba yangu ya siri anaijua kwa sababu ndiye ninayemtuma kutoa hela. Baba yake anasema atamvunja miguu. Mtoto hali, haongei, amelala ndani siku ya pili leo. Nifanye nini?

Nesi Kanda ya Kati

Mama, pole sana. Naomba nikujibu mimi, kwa kuwa ninafanya kazi kwenye afya ya akili na nimewahi kukaa na familia zenye jambo kama lako.

La kwanza, kabla ya habari ya hela. Mtoto asiyekula wala kuongea baada ya kugunduliwa ana aibu kubwa, na aibu ya deni la kamari ni ya hatari. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba wagonjwa waliopimwa na kuonekana na ugonjwa wa kamari walikufa kwa kujiua mara 15 zaidi ya watu wengine. Wale walikuwa watu wazima, lakini sisi hatusubiri mtoto afike umri huo. Ingia chumbani, kaa chini, muulize moja kwa moja kama amewahi kufikiri kujidhuru. Kumuuliza hakumpi wazo hilo. Humpa nafasi ya kulitua. Ondoa karibu naye dawa za kuulia wadudu za shambani na dawa nyingine za nyumbani. Kama atajibu ndiyo, au kama moyo wako haujatulia na jibu lake, mlete hospitali leo, usisubiri Jumatatu. Hapa Dodoma tunayo Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, na naomba wanajukwaa tuache kuogopa jina la Mirembe, kwa sababu wengi wanaofika kliniki huzungumza na mtaalamu na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Ukikwama usiku, ipo huduma ya simu kwa mtoto, namba 116, kupiga ni bure.

La pili ni baba. Mwambie, kwa lugha mnayoelewana, kwamba kipigo sasa kitamfundisha kijana kuficha vizuri zaidi. Mtoto aliyeliwa hela ya mahindi anachokiwaza usiku kucha ni namna ya kuirudisha kabla hamjamaliza hasira, na njia pekee anayoijua ni kubeti tena kwa dau kubwa. Huku kuifukuzia hela iliyoliwa ni mojawapo ya dalili tunazozitazama kwenye vipimo. Mkimtisha, mnaongeza mbio hizo.

La tatu, yapo maswali mawili yaliyotungwa na watafiti mwaka 1997 ambayo hata mzazi anaweza kuyauliza. Je, umewahi kujisikia kwamba unahitaji kuweka hela nyingi zaidi na zaidi? Je, umewahi kulazimika kuwadanganya watu unaowapenda kuhusu kiasi unachocheza? Akijibu ndiyo hata kwa moja, anahitaji kuonwa na mtaalamu. Tiba yenye ushahidi mzuri zaidi ni ya mazungumzo, inayomfundisha kuitambua ile hamu inapokuja, kuzijua saa na mahali panapoiamsha, na kuzivunja imani kama ile ya mashine iliyoshiba. Huchukua wiki kadhaa, na mzazi akishiriki inakwenda vizuri zaidi.

La mwisho, badilisha namba ya siri leo, na piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Wazazi wengi hushangaa.

Mama wa Nkuhungu

Asante sana nesi. Nimekaa naye. Amelia, lakini amekula. Amesema laini anayobetia kwenye simu yake ilisajiliwa na kijana mmoja wa bodaboda wa hapa mtaani kwa kitambulisho chake, na kila akishinda humpa sehemu. Nimeiangalia hiyo *106# na kwenye kitambulisho changu kuna laini mbili, zote ninazijua. Kesho asubuhi tunakwenda kliniki, baba yake amekubali kutusindikiza.

Mwalimu wa Malezi

Mama, Mungu akutie nguvu. Nawaomba wanajukwaa wasome tena aliyoyaandika kuhusu kijana wa bodaboda. Kampuni inapouliza umri, inauliza kitambulisho, na kitambulisho kilikuwa cha mtu mzima. Kijana huyo huenda anaamini kwamba amemsaidia mdogo wake. Jambo hili linafaa kufikishwa Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, kwa kuwa mtoto mmoja akishapewa laini kwa mgawo, wa pili na wa tatu hawako mbali. Kuhusu shule, ukiona inafaa mweleze mwalimu wake wa darasa ili asimhesabu mtoro siku za kliniki. Huna haja ya kueleza kila kitu.

Mzee wa Mpwapwa

Mwalimu, habari za kazi. Nyinyi mnazungumzia mjini, lakini huku vijijini mashine zinakuja siku ya mnada. Gari linashusha asubuhi, jioni linapakia. Watoto wanaochunga wana hela kidogo siku hiyo, na wakati wa mavuno wanaobeba magunia wanakuwa nazo zaidi. Nimewaona wadogo wa darasa la tano wamezunguka pale, mbuzi wako peke yao. Mwenye mashine ukimuuliza anasema ana kibali. Kijiji kina uwezo gani?

Mwalimu wa Malezi

Shikamoo mzee wangu. Umegusa jambo ambalo sisi wa mjini hatulioni, hasa hilo la majira. Nimezungumza na walimu wenzangu wa Kibaigwa na wa vijiji vya zabibu kule Hombolo, nao husema vivyo hivyo: utoro unapanda pale ambapo hela ya vibarua imewafikia watoto, na wanaokusanya hela hiyo wanaijua kalenda ya mavuno kuliko maafisa elimu.

Kwa upande wa uwezo, kijiji kinao. Kwanza, kibali anachokisema mwenye mashine mwombeni akionyeshe kwa mtendaji wa kijiji, asome kimetolewa na nani, kwa mahali gani na kwa mashine ipi. Leseni yoyote ile haimpi ruhusa ya kumchezesha mtoto, kwa hiyo hata akiwa nayo halali, watoto wanaondoka pale. Asipokuwa nayo, mtendaji anawasiliana na polisi kata. Pili, mnada una utaratibu wake wa ushuru na wa kugawa nafasi, na anayegawa nafasi anaweza kumnyima mwenye mashine eneo karibu na njia ya mifugo na ya shule. Tatu, na hili ndilo la kudumu, halmashauri ya kijiji ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982. Inaandaa rasimu, rasimu inapelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji ambao kwa kawaida hufanyika kila baada ya miezi mitatu, wananchi wanatoa maoni yao, kisha inapelekwa halmashauri ya wilaya ili iidhinishwe. Katika rasimu hiyo naomba adhabu iandikwe kwa mwenye mashine na kwa anayempa nafasi, na mtoto aandikiwe kupelekwa kwa mzazi na kwa mwalimu wake. Mkutano wenu ujao ni lini, mzee wangu? Kama mtapenda, mwalimu mwenzangu wa uraia na mimi tutakusaidieni kuandika rasimu ya kwanza na kuituma hapa ili vijiji vingine viichukue.

Mzee wa Mpwapwa

Marahaba mwanangu. Mkutano uko mwishoni mwa mwezi ujao. Nitazungumza na mwenyekiti kesho, naye atamwita mtendaji na mwalimu mkuu. Tuma rasimu, tutaipitia.